Kwa Mama, Bonyeza Moja

Nilikuwa nimefunga duka langu la vitambaa Garissa, nikaenda Takaba kumsaidia habaryar. Habaryar kwetu ni mama mdogo, na wangu anaitwa Nurto. Binti yake Filsan alikuwa na mimba ya kwanza, imeshakomaa, na mumewe Abdinasir alikuwa ameenda Elwak kuuza ng'ombe. Asubuhi ile tulikunywa chai ya maziwa ya mbuzi. Filsan alikula mkate wa anjera huku akilalamika kwamba mtoto anampiga mateke kama ana kesi naye. Tulicheka sana. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa.

Kabla ya adhuhuri damu ikaanza kumtoka.

Jirani yetu Ramlo, ambaye amezalisha wanawake wengi pale, alitoka ndani akifuta mikono. "Damu haikati," alininong'oneza. "Hii imenishinda. Na msimtie kwenye lori, mitikisiko itammaliza. Piga namba ya ambulensi."

Nitasema haki, hasira isinifanye mwongo. Zamani namba ile ilishikwa na jamaa aliyetafuna miraa usiku kucha, mchana akalala simu ikilia. Siku akipokea, swali la kwanza lilikuwa: wewe ni wa ukoo gani? Ukoo usipompendeza, gari halina mafuta. Walipoweka mashine inayojibu yenyewe, Abdinasir alishangilia kuliko wote. Mashine hailali, alisema. Haijui ukoo. Mchungaji asiyejua Kiswahili anachagua Kisomali. Yote kweli. Lakini mtu, hata awe mpuuzi namna gani, ukilia anasikia kwamba unalia.

Mtandao pale unapatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya nyumba. Watu hupanda asubuhi au alasiri. Adhuhuri hapandi mtu, hiyo ni saa ya majini. Sasa mimi ningengoja saa gani? Nilipanda, habaryar nyuma yangu, nikaweka spika.

"Assalamu alaykum," ilisema sauti ya mwanamke, laini. "Karibu huduma ya dharura. Kwa Kiswahili, bonyeza moja."

Habaryar alininyang'anya simu. Yeye ndiye mkubwa, na kwetu mkubwa akisalimiwa hujibu mwenyewe.

"Wa alaykum salaam, mama," alisema kwa Kiswahili chake cha ofisini. "Sisi iko salama. Wewe je? Watoto iko salama? Mfua imenyesha huko kwenu?"

"Hujachagua huduma. Kwaheri."

"Habaryar, hiyo ni mashine!"

"Imetoa salaam, Rukiyo. Salaam haiachwi bila jibu."

Nilipiga tena. Nikabonyeza moja, kisha tatu ya wajawazito. "Wahudumu wetu wote wanawahudumia wateja wengine. Simu yako ni muhimu kwetu." Muhimu! Wakatupigia muziki. Filsan anapiga mayowe ndani, sisi tunachezewa muziki! Ulipokwisha, simu ikakatika. Nilitukana. Nilimtukana aliyeinunua mashine ile, na aliyekata utepe siku ya kuizindua. Hasira ni hasara, wanasema. Waache waseme.

Nilipiga mara nyingine. Salaam ikaja. Habaryar akajibu yote kama mwanzo, watoto, mvua, mifugo, na mimi sikumzuia.

Safari hii mashine haikukata. Ikasema, "Alhamdulillah, Nurto. Huku tuko salama."

Hatukuwa tumetaja jina.

Upepo ulikatika. Mbuzi waliolala kivulini wakainuka wote kwa pamoja, wakatutazama.

"Kwa mama, bonyeza moja," ilisema sauti, laini vilevile. "Kwa mtoto, bonyeza mbili."

"Wote wawili!" nilipiga kelele. "Tunawataka wote wawili, mshenzi wewe!"

"Chaguo hilo halipo. Usipochagua, tutakuchagulia."

Nilinyoosha mkono niikate simu. Habaryar akanishika kifundo. Kiganja chake kilikuwa baridi, na jua lile la utosi. Akaziba simu kifuani.

"Imejibu salamu," alinong'ona. "Aliyejibu salamu haondoki kabla hazijaisha. Hata wao wana adabu hiyo. Lori la maji la Kulow linapita barabarani sasa hivi. Mtieni humo."

"Ramlo amesema..."

"Nenda."

Akairudisha simu sikioni. "Na baba yako, iko salama?"

"Yuko salama."

"Na ngamia?"

"Wako salama."

Nilikimbia.

Kulow hakuuliza swali. Tulimlaza Filsan mbele, kichwa mapajani mwangu. Kila alipofumba macho nilimchapa kofi. Nililia na kumchapa. Alasiri, hospitalini, madaktari walitoka na mtoto wa kike, mzima, na wakasema mama naye ataishi. Nilisujudu palepale sakafuni.

Nilirudi na lori kabla ya magharibi. Habaryar alikuwa bado juu ya kichuguu. Amesimama. Hajasogea. Simu sikioni.

Nilimsikia akiuliza, "Na Batula, iko salama?"

Batula ni bibi yangu. Tulimzika zamani.

Nikapanda. Nikamfikia. Sauti ilikuwa yake, lakini mdomo wake ulikuwa umefungwa. Ilitoka kwenye simu.

"Yuko salama," ilijibu ile nyingine. "Yuko hapa."

Niliikata. Tangu siku hiyo habaryar hajatamka neno. Madaktari wanasema koo halina tatizo. Masheikh wamemsomea. Wapi!

Nikaenda kwenye ofisi ya ambulensi kugombana. Karani aliangalia kompyuta yake, akasema siku ile mitambo ilikuwa imezimika tangu alfajiri, haikuingia simu hata moja. Nikamwambia apige namba. Akapiga, akaweka spika.

"Assalamu alaykum. Kwa Kiswahili, bonyeza moja."

Alikuwa habaryar. Na kikohozi chake.

"Izimeni!" nilipiga meza. "Hiyo ni sauti ya mtu wetu!"

"Dada, sauti imetengenezwa na kompyuta," alisema. "Na wananchi wanaipenda. Wanasema ni kama kuongea na mama."

Ningeichoma ofisi ile. Aliyenizuia ni Filsan. Mtoto akilia, yeye hupanda kichuguu asubuhi, hupiga ile namba na kumwekea mwanawe sikioni. Habaryar hukaa chini yao, midomo ikifuata maneno, machozi yakimtoka. Ningemkataza vipi?

Juzi nilikuwepo. Chaguo la mwisho lilisomwa, lakini simu haikukatika. Sauti ya habaryar ikamwita mtoto kwa jina, ikamuuliza kama mama yake yuko salama. Habaryar aliruka. Akanibana mdomo mimi kwa mkono mmoja, Filsan kwa mwingine, tusijibu. Nilidhani tumeshinda.

Mtoto yule hata meno hajaota. Alijibu.

Niliinyakua simu nikaiponda kwa jiwe mpaka ikawa vipande. Mtoto bado alikuwa akijibu.