Namba Chini ya Kifuniko

Kila siku akitoka shule, Belyse alivua sare, akala viazi vitamu alivyoachiwa jikoni, kisha akashuka kwenye karakana ya mama yake, nyuma ya magereji ya mtaa wa Gatsata. Hakuchelewa wala hakunung'unika. Tangu baba yake, Nkusi, azikwe mwezi wa tatu, hakuwahi kununa, kucheka wala kulia. Majirani walimsifu kuwa ni mtoto jasiri, maana watu hupenda kuwasifu watoto wasiowasumbua. Ukweli ni kwamba Belyse hakusikia chochote moyoni. Hata viazi alivyokula hakujua kama vina chumvi.

Nkusi na mkewe Mukasine walikuwa wakitengeneza mashua ndogo za matanga zinazoletwa kutoka Ziwa Muhazi. Sasa Mukasine alibaki peke yake, na karakanani mlikuwa na mashua moja tu. Ilikuwa ya Mwalimu Lillian, anayefundisha watoto kuendesha matanga. Ilikuwa imepata ufa ubavuni na maji yakaingia tumboni. Lillian alikuwa amesema wazi kwamba hii ikitengenezwa vizuri, ataleta nyingine tatu. La sivyo, karakana ingefungwa.

Maji ya kumwaga yalishamwagwa. Yaliyobaki ni unyevu uliojificha kwenye sponji ngumu iliyomo ndani, ile inayozuia mashua isizame. Mashine ya kukaushia hawakuwa nayo, kwa hiyo Mukasine alitumia ujuzi wa marehemu mumewe. Mashua ilikuwa na matundu mawili ya mviringo yenye vifuniko. Kwenye tundu la mbele alifunga feni ndogo iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu. Ndani alitumbukiza soksi ndefu zilizojazwa makaa makavu, yanyonye unyevu. Kazi ya Belyse ilikuwa kuyaanika makaa hayo juani kwenye bati na kuyarudisha. Kisha alipaswa kutandaza nailoni nyeupe juu ya tundu la nyuma kwa saa moja, aone kama itapata matone, dalili kwamba ndani bado kuna maji.

Belyse alifanya kazi hiyo bila moyo. Vumbi la magereji lilipoanza kuingia kwenye tundu la nyuma, alilifunga kwa kifuniko, maana nyumbani kwao kitu kisichofunikwa ni uchafu. Hakufikiri kwamba upepo unaoingia lazima upate pa kutokea. Feni ilivuma siku nne, na unyevu ukabaki umekaa humo humo.

Alhamisi alilifungua tundu, akatandaza nailoni kwa saa moja, nayo ikajaa matone. Belyse aliyatazama kidogo, akayafuta kwa mkono wa sweta, akakirudisha kifuniko.

"Iko kavu?" mama yake aliuliza kutoka mlangoni.

"Iko kavu, Mama."

"Kweli?"

"Yego, Mama. Kavu kabisa."

Hakuogopa aliposema hivyo. Hakuona hata aibu.

Mukasine akaanza kukoroga gundi ya kuzibia ufa. "Niletee vile vifuniko nivifute," alisema.

Belyse alikwenda kufungua kifuniko cha nyuma, akakigeuza. Upande wa ndani palikuwa na maandishi ya penseli, ya zamani kidogo: *Kilo 59, kavu. Nkusi.* Namba tisa ilikuwa na mkia mrefu uliopinda, ule ule aliokuwa akiuona kwenye daftari lake la hesabu baba alipomsaidia.

Kumbe baba aliwahi kuikausha mashua hii hii. Hakuandika kavu mpaka alipoipima.

Belyse aliufuata mkia ule kwa kidole, polepole. Machozi yalimtoka.

"Mama, usipake gundi," alisema. "Nimekudanganya. Nailoni ilikuwa na maji, nikayafuta."

Mukasine aliacha kukoroga. Alikipokea kifuniko, akasoma. Kisha akamwita Viateur, jirani yao anayenunua vyuma chakavu, aje na mizani yake ya kuning'iniza. Waliifunga mashua kamba, wakaiinua watatu.

"Iko kilo sitini na sita," Viateur alisema. "Mama Belyse, humo ndani bado iko maji mengi."

"Gundi haishiki penye unyevu," Mukasine alimwambia binti yake kwa sauti ya chini. "Ufa ungefunguka katikati ya ziwa, mtoto wa watu akiwa juu."

Mukasine alimpigia simu Lillian, akamweleza ukweli wote bila kuupunguza. Lillian akawapa wiki moja zaidi.

Wiki hiyo tundu la nyuma lilikaa wazi. Belyse alianika makaa kila mchana, akayageuza mwenyewe, na vumbi akalifagia. Siku ya saba, mizani ya Viateur ilisoma hamsini na tisa. Ufa ukazibwa, na Mukasine akampa Belyse penseli. Chini ya mstari wa baba yake, Belyse aliandika: *Kilo 59, kavu. Belyse.*

Jioni walikaa kula. Mukasine alisema, "Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Baba yako kila siku alituambia yuko sawa, mpaka siku tuliyompeleka hospitali tukiwa tumechelewa. Mimi sitaki tena kuambiwa iko sawa wakati haiko sawa. Si kwa mashua, si kwako. Kazi ikikushinda, sema. Ukiumwa moyo, sema. Ukweli ukija mapema, bado kuna la kufanya."

"Ndiyo, Mama."

Belyse alitia kijiko cha maharage mdomoni, akatafuna polepole, akakiweka kijiko chini.

"Mama," alisema, "haya maharage hayana chumvi."

Mukasine alimtazama mwanawe, akainuka kwenda kuileta.