Usiku Zima

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Adero alikuwa ameshateka maji bombani, ameshapika uji, na ameshakaa mlangoni kumngoja babake. Babake alifanya kazi ya zamu ya usiku katika stesheni ya reli ya Nakuru. Alimsemesha binti yake kwa Kiswahili ili azoee haraka, ingawa Kiswahili chenyewe kilikuwa cha reli, kisichojua ngeli wala kuzijali. Kila akirudi, alivua buti na kusema yale yale ya kila siku: "Nimechoka, mwanangu. Nimefanya kazi usiku zima." Kisha alilala. Mazungumzo ya siku yaliishia hapo.

Adero alikuwa ametoka Gem, Ujaluoni, mwanzoni mwa mwaka huo wa 1956. Mamake alibaki kijijini na wadogo zake. Shuleni, Jelagat wa darasa lake na wenzake waligundua kwamba mgeni hawezi kutamka "shati" bila kusema "sati", basi wakapata mchezo. "Adero, hebu sema shati." Angekuwa na rafiki hata mmoja, labda yeye mwenyewe angecheka. Hakuwa naye, kwa hiyo akaamua kufunga mdomo. Akiulizwa lolote, alijibu "ndiyo", na mambo yakaisha. Upweke ulimkaa kifuani hata chakula kikakosa ladha.

Faraja yake ilikuwa tangi la kioo lililowekwa darasani. Mzungu mmoja wa Njoro, aliporudi kwao, aliiachia shule tangi hilo pamoja na samaki wake wadogo wenye mikia myekundu, majani ya majini, na taa ya umeme juu yake. Wakati wa mapumziko, wenzake wakiruka kamba uwanjani, Adero aliketi kando ya tangi akizungumza na samaki kwa Kijaluo. Samaki hawakumcheka.

Mwalimu wao, Bwana Nyongesa, aliliona hilo. Alipoitwa kwenye mafunzo ya walimu, alimwachia Adero ufunguo wa darasa. Alikuwa na haraka, mkoba tayari begani.

"Chakula kidogo tu, asubuhi. Taa washa ukifika. Usiku zima. Usisahau. Umeelewa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Jamani, alikuwa ameelewa nini? Mwalimu alitaka taa izimwe usiku. Lakini Adero aliyasikia maneno ya babake, akajua kwamba taa iwake usiku kucha. Alishangaa kidogo, kisha akawaza kwamba pengine samaki nao wana zamu kama Baba. Alitamani kuuliza, ila swali lenyewe lingehitaji neno "kuwasha", na Jelagat alikuwa amesimama karibu.

Basi taa ikawaka mchana na usiku. Haukupita muda mrefu maji yakaanza kugeuka kijani. Utelezi ulitanda kwenye kioo, ukayafunika majani, nayo yakaanza kuoza. Samaki hawakuonekana tena, na Adero kwa huruma akawaongezea chakula. Chakula kikachacha, maji yakazidi kuharibika. Asubuhi moja alikuta samaki wawili wakielea, matumbo juu. Aliwazika nyuma ya darasa, akalia peke yake hadi kengele ikalia. Alijua kuna kosa, lakini hakujua ni lipi, wala hakuwa na mtu wa kumwambia.

Siku Mwalimu Nyongesa aliporudi, mwalimu mkuu aliingia naye darasani. Nyuma yao alikuwa Mzee Naftaly, mlinzi wa usiku.

"Taa hii huwaka kila usiku. Nimeiona kwa macho yangu," alisema mwalimu mkuu. "Naftaly analala humu ndani badala ya kulinda, na tazama alivyoharibu maji. Leo atarudisha koti na rungu, aende kwao."

"Niliikuta inawaka, mwalimu," alisema Mzee Naftaly. "Nikaiacha."

Mzee alikuwa akimwona Adero akitoka darasani jioni. Alimtupia jicho mara moja tu, kisha akainamisha kichwa, hakumtaja. Adero alichohitaji ni kunyamaza tu, na kwa kunyamaza alikuwa fundi. Lakini mzee wa watu angekula nini?

Akasimama.

"Si yeye. Ni mimi niliwasa taa."

Kicheko kilianza nyuma, kikakatika. Adero aliendelea huku machozi yakimtiririka. "Mwalimu alisema usiku zima. Nikawasa usiku zima. Samaki nimeua mimi. Mzee Naftaly hana makosa."

Mwalimu Nyongesa akapangusa uso. "Nilisema, usiku, zima. Wewe ukasikia usiku mzima. Kosa hili ni letu sote wawili. Mimi nilisema mbio mbio, nawe ukaitikia bila kuelewa."

Mwalimu mkuu alikohoa, akamwomba Mzee Naftaly radhi, akamwambia arudi langoni.

"Mmea unahitaji mwanga, lakini unahitaji na giza," alieleza Mwalimu Nyongesa. "Mwanga na chakula vikizidi, unaonenepa ni ukoga. Kuanzia leo taa itazimwa tukienda nyumbani. Jelagat, lete maji ya mvua, tubadilishe nusu. Adero, wewe kwangua ukoga."

"Ndi—" Adero alianza, akajizuia. "Mwalimu, ukoga ni nini?"

"Hata mimi sijui," akasema Jelagat polepole.

Mwalimu alipitisha kidole kwenye kioo, akawaonyesha kile kijani kilichonata. "Ni huu hapa."

Wakafanya kazi hiyo pamoja, Jelagat akishika ndoo. Maji hayakutakata siku hiyo, ila baada ya majuma machache majani yalichipua na samaki waliobaki wakaonekana tena. Mwalimu Nyongesa aliwakusanya wanafunzi mbele ya tangi.

"Kuuliza si ujinga," alisema. "Ukiitikia usichokielewa, unabaki peke yako na kosa lako, na mwingine ndiye anayeadhibiwa. Nanyi mnaomcheka anayejifunza kusema, mjue mnamfunga mdomo. Siku atakayokuwa na neno la kuwaokoa, mtalisikiaje?"