Madoa ya Lulu

Kila Alhamisi akitoka shule, Celestine alikuwa na kazi moja tu: kumwosha Lulu, paka wa madam, mwajiri wa wazazi wake. Mamake, Priscilla, alikuwa na nyumba nzima ya kufua, kupika na kupangusa, pale Aziziya, Jeddah. Babake alikuwa dereva wa nyumba hiyo hiyo, na wote watatu waliishi chumba cha nyuma.

Lakini huyo Lulu, jamani! Hakuwa na manyoya hata kidogo. Ngozi ilimkunjamana shingoni kama ya ajuza, na ukimgusa alikuwa moto kama mtu mwenye homa. Isitoshe, alimganda Celestine. Alimfuata kila chumba, kimya, akimkodolea macho. Kwao Bungoma Celestine hakuwahi kuona paka wa namna hiyo, akaamini kabisa kuwa ni jini. Basi kila Alhamisi alifungulia maji bafuni, akangoja mlangoni kidogo, kisha akamwambia mamake amemaliza kumwosha.

Wiki ya tatu madoa yakaanza. Yalikuwa ya kahawia, ya mafuta, kwenye shuka nyeupe za madam. Kesho yake yakaonekana kwenye mto. Halafu ukutani, chini kabisa, kana kwamba kitu kimepita kikijisugua. Mama aliyafua, yakarudi. Mamake madam, aliyeishi humo, akanong'ona kwamba huu ni uchawi wa Priscilla. Madam akasema halas, yaani basi, imetosha, Jumamosi warudishwe kwao.

Ijumaa mchana Celestine alijilaza, akasinzia. Alishtuka kitu cha moto kikipumua kwapani mwake. Ni Lulu. Na kwenye blauzi yake nyeupe, pale paka alipolala, palikuwa na doa la kahawia.

Alikwenda kwa madam, akasema kila kitu. Madam alimpangusa Lulu kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kikawa cha kahawia. Alitahayari. Akaeleza kwamba asili ya paka hao ni Kanada, alikozaliwa mmoja bila manyoya. Kwa kuwa hakuna manyoya ya kunyonya mafuta ya ngozi, lazima waoshwe kila wiki. Tena hupenda watu, kwa kuwa husikia baridi. Kisha akamwomba Priscilla msamaha, na safari ikafutwa.

Jioni Mama alikaa na Celestine kando ya beseni, Lulu akikoroma majini.

"Kuogopa si kosa, mwanangu," alisema. "Ungeniambia, tungemwosha pamoja. Hapa hapakuwa na jini. Kilichokuwa kikitembea humu ndani ni uongo wako."