Nimewaziba Wote

Kila asubuhi ya Julai, Kianjokoma huamka ikiwa imejifunika ukungu, na Carol naye huamka akiwa amejifunika kila nguo aliyo nayo. Huwasha moto katika jiko la udongo, hubandika chai, kisha humwamsha mdogo wake Mutugi, wa miaka minne, ambaye hulia kana kwamba baridi ni kosa la dada yake. Wazazi wao hufanya kazi Embu mjini na huja mwisho wa mwezi. Nyumbani hubaki watoto hao wawili na nyanya yao, ambaye wao humwita Cucu.

Jiko hilo lilijengwa na fundi Gikunda. Lina bomba la bati linalopeleka moshi nje. Siku alipolimaliza, fundi alisema, "Hili bomba lisafishwe kila mwezi. Likijaa masizi, moshi utarudi ndani na utawaumiza." Kazi hiyo akapewa Carol. Kila akimaliza alitakiwa kuweka alama ya vema kwenye kalenda ya kanisa iliyotundikwa ukutani. Na alama zilikuwepo zote, za Mei, za Juni na za Julai, zimeandikwa kwa kalamu nyekundu.

Mwezi huo alikuja mgeni. Mguu wa Cucu ulikuwa umevimba, kwa hivyo shangazi yao Karimi, dada ya baba, akapanda kutoka Gachoka alikoolewa ili amsaidie mama yake. Watoto walimwita Tata, kama shangazi anavyoitwa kwao. Miaka ishirini ya jua la Gachoka ilikuwa imemsahaulisha kabisa baridi ya nyumbani. Alitembea na blanketi begani hata mchana.

Wiki ya kwanza haikuisha kabla ya Mutugi kuanza kukohoa. Cucu naye akawa analalamika kichwa kila jioni. Macho ya Carol yaliwasha.

"Ni kuni," Cucu alisema. "Mwezi huu kuni hazikauki."

Carol hakusadiki. Shuleni alimsimulia rafiki yake Joyline, na Joyline hakuwa mtu wa kuzima moto, alikuwa wa kuuchochea.

"Kabla huyo Tata wenu aje, mlikuwa mnaugua?"

"Hapana."

"Na ni nani anapika?"

"Ni yeye."

"Basi! Mama yangu husema mtu akirudi kwao ghafla hivyo, ujue anataka shamba la majani chai. Mchunge."

Tangu siku hiyo Carol akawa askari wa jikoni. Tata akichota chumvi, Carol yupo. Tata akifunua sufuria, Carol amekodoa macho. Siku moja alimwaga githeri yake, mahindi na maharagwe, kwa kuku na kusimama kuwatazama wakifa. Kuku walimaliza, wakamtazama, wakataka nyongeza. Hilo lingemtosha mtu mwingine, lakini Carol alijiambia kwamba huenda sumu yenyewe ni ya polepole.

Ijumaa jioni alimsikia Tata akiongea kwa simu nyuma ya nyumba. Alikuwa akizungumza Kiswahili, kwa kuwa rafiki yake wa sokoni ni Mkamba.

"Nimewaziba wote," Tata alisema. "Nilianza na wale wadogo, nikamaliza na yule mkubwa. Saa hii hakuna hata mmoja anapitisha pumzi. Wacha sasa nilale vizuri."

Carol alijibanza ukutani. Yeye ndiye aliyeongoza darasa zima katika mtihani wa ngeli. Wadogo, yule mkubwa, wote: ngeli ya A-WA, ya watu! Wadogo walikuwa yeye na Mutugi. Mkubwa alikuwa Cucu. Usiku huo hakula.

Jumapili mvua iliwakuta wakitoka kanisani. Walijifungia jikoni kuota moto, mlango umefungwa, na Tata akaongeza kuni. Baada ya muda Cucu alishika kichwa. Mutugi akatapika, akamlegea Carol mikononi, na alipomwita jina hakuitika.

Carol alifungua mlango, akapiga yowe hadi kwa jirani. "Tata amewatilia sumu! Mutugi anakufa!"

Muchangi, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuwa jirani yao. Alikuja mbio, akaingia, akakohoa, na hakutazama sufuria hata kidogo. Alimbeba Mutugi akamtoa kibarazani, akarudi akamshika Cucu mkono. "Tokeni wote! Wacheni mlango wazi!"

Hewa baridi ilipompiga, Mutugi alifumbua macho, akalia. Carol hakuwahi kufurahia kilio chake kama siku hiyo. Muchangi aliita pikipiki, wakampeleka zahanati, na jioni akarudi nao akiwa na nguvu kidogo.

"Si sumu ya chakula," Muchangi aliwaambia. "Daktari amesema ni hewa yenye sumu inayotoka motoni. Moshi umekosa pa kutokea." Alitazama juu ya dirisha na mlango. Matundu yote ya hewa yalikuwa yamesokomezwa magunia. "Haya, ni nani aliyaziba?"

"Ni mimi," Tata alisema kwa sauti ndogo. "Baridi ilikuwa inanimaliza. Nikawaziba wote, wale wadogo na yule mkubwa wa juu ya mlango. Sikujua, Muchangi. Kwetu Gachoka tunapika nje."

Carol aliinama. Matundu! Tata alikuwa akisema juu ya matundu, kwa Kiswahili chake cha kuokota sokoni.

Muchangi hakuwa amemaliza. "Lakini bomba likiwa zima, moshi mwingi ungetoka." Aliligonga. Halikulia kama bati tupu, lilitoa sauti nzito. Alipoling'oa pale lilipojikunja, masizi yalimwagika yakajaza karai.

"Gikunda alitudanganya!" Cucu akawaka. "Alituuzia bomba bovu. Si mnaona kalenda? Mtoto analisafisha kila mwezi. Kesho huyo fundi atanijua, na mtaa wote utamjua!"

Wote walitazama alama nyekundu. Carol naye alizitazama. Angenyamaza tu, hakuna ambaye angejua. Fundi Gikunda angechafuliwa jina, na wakati ule hakuwepo hata kujitetea. Aliona aibu hadi masikio yakawa ya moto.

"Si fundi," alisema. "Sijawahi kulisafisha tangu Mei. Nilipojaribu mara ya kwanza, masizi yaliniharibia nywele, nao shuleni wakaniita Makaa. Nikaacha, nikawa naweka alama tu."

Kisha Tata akauliza taratibu, "Carol, wewe ulifikiri ninaweza kumuua mtoto wa kaka yangu? Na mama yangu mzazi?"

Carol alilia. "Nisamehe, Tata. Nilikusikia kwa simu."

"Ungeniuliza. Nilikuwa hapa hapa, hatua tatu."

Cucu alimvuta mjukuu wake karibu. Hakumpiga, na hakumbembeleza pia. "Sikiliza, mwanangu. Tata yako alikosea kwa kutojua. Akiambiwa, atatoa magunia. Wewe ulijua, ukaandika uongo ukutani, halafu ukazunguka wiki mbili ukimtafuta mwenye hatia. Kazi ukipewa, ifanye. Ikikushinda, sema. Na jambo likikutia shaka, muulize mwenyewe kabla hujampigia yowe. Leo nusura tumzike Mutugi kwa sababu ya alama tatu za kalamu."

Asubuhi yake, kabla ya shule, Tata alitoa magunia yote. Carol alijifunga kitambaa kichwani na mdomoni, akachukua brashi ya waya na kuanza kulisugua bomba, sehemu moja baada ya nyingine. Masizi yalimrukia usoni. Tata alikuja akashika upande wa pili wa bomba ili lisiteleze.

"Tata, umenisamehe?"

"Bado ninaumia," Tata alijibu. "Itapita. Sasa sugua pale kwa kona, ndiko kumebaki."

Carol akasugua pale kwenye kona.