Mvuje Utosini

Kanze hakuwa na chumba chake. Alilala ukumbini, chini ya dirisha, kando ya cherehani ya mama. Hakuwa na saa, wala mwavuli, wala viatu vya pili. Hakuwa na baba karibu, kwa kuwa Mzee Kingi alifanya kazi Magadi na alirudi Mombasa sikukuu tu. Kwa miaka kumi na miwili hakuwa na ndugu, mpaka mwaka ule wa 1995 alipozaliwa Gunga. Hayo yote aliyavumilia. Upungufu mmoja ndio uliomtia matatani: hakuwa na ujasiri wa kumwambia mtu mzima neno asilopenda kulisikia.

Walipanga ghorofani, katika nyumba kuukuu ya Mji wa Kale. Kila asubuhi Kanze alichota maji, akabandika chai, kisha akamshikia nyanya yake kibakuli. Nyanya huyo, mama yake baba, waliyemwita Hawe, alikuja kutoka Kaloleni kumlea mjukuu. Alisaga mvuje, ule utomvu mkavu wa kufukuzia mashetani, pamoja na masizi, akachanganya na mafuta ya nazi, akampaka mtoto utosini. Harufu yake ilishuka ngazi mpaka njiani.

"Utosi ni mlango," alisema Hawe. "Na mlango usiofungwa, kila mpita njia huchungulia."

Gunga alikuwa amezaliwa kabla ya wakati wake. Alilazwa hospitalini katika sanduku la joto, na Daktari Parvin alimtazama ubongo kwa mashine ya altrasaundi. Aliona damu kidogo iliyovuja ndani.

"Huenda ikakauka yenyewe," daktari alimwambia mama siku mtoto aliporuhusiwa. "Lakini huenda ikaziba njia, maji yakajaa kichwani. Yakijaa, itabidi apelekwe Nairobi kupasuliwa. Mlete Alhamisi ijayo kwenye kliniki ya Kizingo. Asichelewe, maana mashine ni moja, na adhuhuri inahamishiwa kwingine."

Muuguzi Jacinta akaongeza, "Na utosini msimpake kitu chochote. Hapo ndipo tunapopitishia kipimo."

Mama, ambaye jina lake ni Mapenzi, alisikia vizuri. Lakini nani amwambie Hawe? Mke hamfundishi mavyaa wake kulea mtoto. Ni utovu wa adabu.

"Kamwambie wewe," mama alimnong'oneza Kanze walipofika ngazini na mtoto. "Wewe ni mjukuu, mtani wake. Likitoka kwako halitamuuma."

Kanze alipanda akiwa na maneno hayo ulimini. Alimkuta Hawe ameketi juu ya mkeka, uso umemkunjuka kwa furaha ya kumpokea mtoto.

"Mume wangu amerudi!" Hawe alisema, kwani Gunga alirithi jina la marehemu babu yake. "Kanze, kimbia kwa Jusab, ukaninunulie mvuje. Upesi, nisije nikaachwa na bwana kwa uvivu wako!"

Kanze alicheka. Maneno yakarudi kooni. Alikwenda dukani.

"Mvuje wote huu?" Jusab aliuliza akipima. "Mnalea mtoto mmoja, au mnafukuza majini ya Mombasa nzima?"

Alipotoka, rafiki yake Loise alimwita waruke kamba. Kanze akajiambia atasema jioni. Jioni ilipofika, mama alimwuliza kwa sauti ya chini, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi mama aliona tabaka jipya likipakwa juu ya la jana. Moyoni alisema: mavyaa wangu amekatazwa na bado anapaka. Ananidharau.

Alhamisi waliondoka mapema. Kizingo, chini ya miti yake mikubwa, umeme ulikuwa umekatika. Walingoja. Mtoto alilia, akanyonya, akalia tena. Umeme uliporudi, walikuta foleni ndefu mbele yao, na jua lilikuwa limeshapanda walipoitwa.

Daktari Parvin alimvua mtoto kofia. Akamimina ute baridi na kuweka kichwa cha mashine utosini, kidogo mfano wa kipande cha sabuni. Kiooni palikuwa na giza tupu. Alijaribu pembeni. Giza. Alisugua kwa pamba, ngozi ikageuka nyekundu, Gunga akapiga ukelele.

"Siwezi kumchubua," alisema kwa uchovu. "Mama, mashine hii hutuma sauti ambayo sikio haliisikii. Sauti hiyo hurudi kama mwangwi, na mwangwi ndio unaochora picha. Mfupa huizuia. Utosini mfupa haujafunga, kwa hiyo ndipo dirisha letu. Nyinyi mmelipiga lami."

"Nisubiri, nitamwosha," mama alisihi.

"Limegandamana, na mashine inahamishwa sasa hivi. Lilainisheni polepole nyumbani, mje Alhamisi ijayo."

"Na maji yakijaa kabla ya hapo?"

Daktari alimvika mtoto kofia yake. "Mpimeni kichwa kila siku. Kikikua haraka, mlete hospitali saa hiyo hiyo."

Nyumbani mama alisema na sufuria: alizitua kwa kishindo, akazifunika kwa kishindo.

"Mkaza mwanangu, kuna nini?" Hawe aliuliza.

"Hakikuonekana kitu, mama, kwa huo mvuje uliokatazwa."

"Nani aliyenikataza?"

Mama alihisi damu ikimpanda. "Sasa unanikana machoni!"

"Mimi sijazeeka kwa kusema uongo," Hawe alijibu. Akainuka, akaanza kukunja kanga zake. "Kesho narudi Kaloleni."

"Kanze!" mama aliita. "Chukua kalamu. Mwandikie baba yako kwamba mama yake alikatazwa akakaidi, na mtoto hakupimwa."

Kanze aliketi kwenye cherehani. Aliandika "Baba mpenzi." Aliandika "Hawe alikatazwa." Hapo mkono ukakwama. Nyuma yake alisikia Hawe akikaza fundo la furushi lake la nguo.

"Andika! Unangoja nini?"

"Hakukatazwa," Kanze alisema.

"Nini?"

"Sikumwambia, mama. Nilikudanganya. Niliogopa kumharibia furaha, halafu nikaogopa kusema kwamba sijasema."

Mama aliinua mkono, akaushusha. Akaketi chini na kulia, si kwa huzuni bali kwa hasira isiyo na pa kwenda. Wiki nzima ya kichwa cha mwanawe ilikuwa imepotea bure.

Hawe alifungua fundo lake. "Leteni mafuta ya nazi," alisema. "Matupu."

Asubuhi na jioni alilowesha pamba na kulainisha lile gamba bila kukwaruza. Mama alikipima kichwa kwa futi ya kushonea, na kila alipoikunjua, Hawe aliuliza kipimo cha jana. Kanze alisimama kando. Hakuna aliyemchapa, wala aliyemtania, na hilo la pili lilimuuma zaidi.

Alhamisi ya pili umeme haukukatika. Hawe mwenyewe alimpakata mjukuu. Mwangwi ulichora picha ya kijivu, na Daktari Parvin akawageuzia kioo.

"Damu inakauka," alisema. "Maji hayajajaa. Mtamleta tena, lakini leo laleni."

"Na mvuje wangu?" Hawe aliuliza.

"Mfungie kwenye kitambaa mguuni, bibi. Huko sina dirisha."

Jioni ile Hawe alimwita Kanze mkekani. "Wahenga walisema mjumbe hauawi. Basi uliogopa nini? Ujumbe ni amana, mjukuu wangu. Mjumbe akiumeza, huumia wengine. Safari hii Mungu katustiri, usimjaribu tena."

"Nami nimekosa," mama alisema. "Neno langu ningelipeleka kwa mdomo wangu mwenyewe. Nisamehe, mama."

"Yamekwisha," Hawe alijibu. "Kanze, ile barua iko wapi? Andika wewe, mume wangu huyu hajui kuandika."

Kanze alichana karatasi ya kwanza, akaandika nyingine: "Baba mpenzi, kichwa cha Gunga kinaendelea vyema. Tulipoteza wiki moja, na aliyeipoteza ni mimi." Kisha akaeleza yote. Mama alisoma, hakufuta neno. Kanze alilamba gundi ya bahasha, Hawe akaikandamiza kwa kiganja chenye harufu ya mvuje, na asubuhi, kabla ya shule, Kanze akaitumbukiza kwenye sanduku la posta kwa mkono wake mwenyewe.