Kufuli la Wageni

Simu ya setilaiti iliita wakati Hilux ikiwa katikati ya vumbi la barabara ya Itigi kwenda Rungwa.

Aneth aliinua Thuraya kwa mkono mmoja. Mwingine haukuachia usukani.

"Mzinga umeingiwa na siafu," ilisema sauti ya mwanamume.

"Mzinga upi?"

"Mgunga. Siafu wanakula saa nane."

"Wangapi?"

"Sita. Wana meno."

Simu ikakatika.

Aneth akakanyaga mafuta. Kwa yeyote aliyedukua mazungumzo yale, aliyepokea alikuwa Luciana, mnunuzi wa asali, akipewa habari za mizinga na bosi wake. Kitambulisho chake kilisema hivyo. Leseni ya biashara nayo ilisema hivyo. Jina la Aneth halikuandikwa popote ndani ya gari lile.

Maelezo kamili yalifuata kwenye skrini ndogo ya simu, mafupi kama kawaida ya Mkuu.

Askari kumi na wanne wa wanyamapori walikuwa doria ndani ya pori la akiba, wakiongozwa na mzee mmoja aitwaye Chediel. Saa nane mchana wangeshuka Korongo la Mpera. Huko majangili sita wenye bunduki walikuwa wamewavizia. Simu iliyonaswa ilionyesha kwamba majangili walijua kila hatua ya doria, na habari hizo zilitoka kwenye programu ya kituo chenyewe.

Mstari wa mwisho ulisema: *Ng'oa Kestralo. Usizime mtambo. Derick wa Kestralo yuko Rungwa kijijini.*

Akatazama Casio yake. Saa nne na dakika arobaini.

Kituo cha Mgunga kilikuwa nyumba mbili za bati, mnara mmoja na dishi jeupe la setilaiti, kilomita thelathini ndani ya pori kutoka kijijini. Alifika saa sita kasoro dakika tano. Kijana mwembamba mwenye miwani alitoka mlangoni na kikombe cha chai mkononi.

"Karibu dada. Asali hapa hatuuzi."

"Sijaja kununua asali, Naftali."

Naftali alisimama palepale. Alikuwa fundi wa kompyuta wa kituo, mtu pekee aliyebaki kila doria ilipoondoka. Programu ya doria aliiandika mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta ya Java, miezi minane, peke yake. Askari kila mmoja alibeba kifaa kidogo kilichotuma mahali alipo na kupokea amri kwa maandishi kupitia mnara wa kituo. Redio za sauti ziliachwa zamani, maana majangili walizisikiliza.

Aneth alimwonyesha kadi nyeusi isiyo na jina. Ilikuwa na nembo na namba tu.

"Ndani ya programu yako kuna maktaba, kipande cha kuazima, inaitwa Kestralo," alisema. "Si wewe uliyeiandika."

"Ndiyo. Ni ya kampuni ya nje. Walioleta vifaa walisema bila ulinzi wao vifaa havitatolewa. Inashika funguo, inakagua nani anaingia, inafanya usimbaji: inafumba ujumbe usisomwe na mwingine." Akameza mate. "Mkataba unakataza kuitoa, dada. Nikiitoa sina kazi."

"Kila inachofumba, inatuma nakala kwa wenyewe. Wenyewe wanawauzia majangili wa pembe."

"Haiwezekani. Ni maktaba ya usalama!"

"Wiki tatu zilizopita askari wenu Eliya alipigwa risasi wapi?"

Naftali alitazama ndani ya kikombe.

"Nani alijua kwamba Eliya angelala kwenye kisima kile?"

"Mimi," Naftali alisema taratibu. "Mimi na programu."

Akaweka kikombe chini.

"Njoo ndani," alisema.

Chumba cha mtambo kilikuwa na feni moja na joto la mabati. Kwenye kioo cha kompyuta, ramani ya pori ilionyesha nukta kumi na nne za kijani. Zilikuwa zinatembea polepole kuelekea magharibi.

"Nizime tu," Naftali alisema. "Nizime kila kitu."

"Ukizima, watafuata amri ya mwisho. Amri ya mwisho inasemaje?"

"Korongo la Mpera."

"Basi usizime. Tunang'oa kufuli, mlango unabaki umefungwa. Kisha tunatuma amri mpya ambayo wao hawataisoma." Aneth alifungua kompyuta yake ya ThinkPad, akachomeka waya. "Java yenyewe ina usimbaji wa kutosha. Kanuni inayotumiwa na vifaa ni ile ya kawaida. Tunachokosa ni funguo."

"Funguo anazo Kestralo."

"Ndiyo maana tunamwomba atupe kabla hatujamfukuza."

Kestralo ilikuwa na roho mbaya. Ilitoa ufunguo mmoja kila baada ya dakika tatu, haraka zaidi ya hapo ilikataa. Setilaiti ikikatika, ilijifunga yenyewe na funguo zote ndani. Na kila ufunguo uliotoka, ilipeleka taarifa ng'ambo.

"Watajua," Naftali alisema.

"Watajua. Toka kijijini mpaka hapa ni muda gani?"

"Kwa njia ile? Dakika hamsini."

Funguo kumi na nne. Dakika arobaini na mbili.

Saa sita na dakika saba, Aneth aligonga kitufe.

Kila ufunguo ulitoka na jina la mwenyewe. Chediel. Gerald. Alphonce. Noel. Walikaa wawili hao wakitazama majina yakishuka kwenye kioo, moja, kimya, jingine. Nje hapakuwa na sauti ila ya upepo kwenye mabati.

Simu yake ndogo ikatetemeka. Ilikuwa imeshika mtandao wa kituo.

Alitazama jina, akasita. Akapokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uko wapi?"

"Niko Mwanza, mama. Kikazi."

"Mimi niko hospitali hapa Kiomboi. Ni lile jicho. Wamesema wanalifanyia upasuaji leo mchana." Sauti ya mama ilikuwa imechangamka kwa kujilazimisha. "Nesi anauliza ndugu wa karibu. Nimemwambia Aneth. Anauliza unafanya kazi gani."

"Mwambie nauza vifaa vya ofisi."

"Haya. Na namba hii, wakikutafuta wataipata? Ile ya mwanzo waliambiwa haipo."

Ufunguo wa nane ukatoka. *Derick anakuja*, aliwaza. Kesho laini hii ingekuwa imevunjwa vipande viwili na kutupwa.

"Wataipata, mama."

"Nani atakaa na mimi nikiamka, Aneth?"

Alifunga macho. Akamjibu kwa Kinyiramba, maneno machache ya chini kabisa, kisha akakata.

Naftali alikuwa anamtazama.

"Dada ni wa Iramba? Mimi kwetu ni palepale Kiomboi, karibu na..."

"Hukusikia kitu."

"Sawa dada."

"Hukusikia kitu, Naftali."

"Sikusikia."

Saa saba kasoro dakika kumi na moja, ufunguo wa kumi na nne ulitoka. Naftali aliinua kidole.

"Kuna wa kumi na tano. Wa Eliya. Sikuwahi kuufuta." Akalamba midomo. "Ujumbe wake wote umefungwa na huo. Tukiitoa Kestralo bila ufunguo huo hautasomeka tena. Ni dakika tatu tu."

Aneth alitazama nukta za kijani.

"Hapana," alisema.

Naftali alitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayekubali kitu kizito kwa awamu. Kisha akanyoosha mkono mwenyewe na kuchomoa waya wa dishi.

Kituo kikawa kisiwa.

"Sasa," Aneth alisema. "Ng'oa."

Walianza na orodha ya vitu ambavyo programu huvitegemea. Mstari wa Kestralo ukafutwa. Papo hapo makosa mekundu yakajaa kioo: mia moja na kumi na mawili. Kila mahali Naftali alipowahi kuiita maktaba ile, programu sasa ilimtafuta asiyekuwepo.

"Faili thelathini na moja," Naftali alisema.

"Wewe chukua za kuingia na kutoka. Mimi nachukua za usimbaji."

Vidole vilikimbia. Walifuta wito wa mgeni na kuweka wito wa Java yenyewe. Mia moja na kumi na mawili yakawa themanini. Yakawa arobaini na tisa. Jasho lilidondoka kwenye vibonye. Hawakusemeshana ila kwa namba.

"Kumi na nane."

"Sita."

"Hakuna."

Saa saba na dakika ishirini na mbili. Naftali aliwasha programu upya.

Ikafa.

"Imekataa kuamka!" Alishika kichwa. "Makosa hakuna, imekataa!"

"Soma inasema nini."

"Inasema inamtafuta mlinzi wa kwanza, hayupo."

Aneth aliuma mdomo. Wajanja. Walikuwa wamejiandika nje ya programu pia, ndani ya Java ya mashine yenyewe, kwenye faili linaloorodhesha walinzi. Namba moja: Kestralo.

"Fungua faili la usalama la Java. Futa wa kwanza. Panga namba upya, wa pili awe wa kwanza."

Ndipo waliposikia injini.

Land Cruiser nyeupe ilikuwa inatimua vumbi kwenye njia ya kituo. Aneth alisimama. Alitoa Glock kiunoni, akakagua, akairudisha.

"Maliza. Ikiamka, andika: *Msishuke korongoni. Sita wanavizia kwenye mawe. Pandeni mgongo wa mlima, muwatokee nyuma.* Tuma kwa wote."

"Mimi? Wewe unakwenda wapi?"

"Kumpokea mgeni."

"Dada, nikikosea?"

"Hutakosea. Ni programu yako."

Alitoka, akafunga mlango nyuma yake.

Derick alishuka peke yake. Mwanamume wa makamo, shati safi, buti za bei. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini, laini.

"Dada, habari. Mimi ni wa kampuni ya ulinzi wa mtambo. Kuna hitilafu nimeletewa taarifa. Fundi yuko?"

"Amekwenda kuchota maji."

"Na wewe ni nani?"

"Nanunua asali."

Derick alitabasamu. Akatazama Hilux. Akatazama dishi, na waya wake uliokuwa unaning'inia dirishani. Tabasamu likaisha.

Mkono wake ulikwenda mgongoni. Aneth alikuwa tayari amepiga hatua mbili. Kiwiko kilitua kooni. Bastola ikafyatuka, risasi ikatoboa bati la paa. Alimkamata kifundo cha mkono, akakizungusha mpaka kikalia. Derick akaanguka kifudifudi mchangani. Goti la Aneth lilikaa juu ya uti wake wa mgongo.

Pingu. Moja, mbili.

"Unajua gharama ya unachokifanya?" Derick alihema. "Kesho tutaweka nyingine. Vituo viko vingi."

Aneth aligeuza kichwa. Alikuwa anasikiliza mlango.

Kimya.

Casio ilisema saa saba na dakika thelathini na nane.

Kimya.

"Naftali!"

Mlango ukafunguliwa. Kijana alisimama pale, miwani imeteleza puani.

"Imeamka," alisema. "Nimetuma."

Walimfunga Derick kwenye nguzo ya mnara, wakarudi ndani. Nukta kumi na nne zilikuwa zinaendelea magharibi. Mita mia sita kutoka korongoni. Mita mia tano. Naftali alikuwa anasali chini chini.

Mita mia nne.

Nukta ya mbele ilisimama.

Nyingine zikasimama nyuma yake, moja moja. Kisha, taratibu, zote zikageuka kaskazini na kuanza kupanda.

Maneno yakatokea kwenye kioo: *Chediel. Nimepokea. Tunapanda.*

Naftali alikaa sakafuni, akalia kama mtoto. Aneth alitaka kumwekea mkono begani. Mkono ulifika nusu ya njia. Akaurudisha, akaanza kukunja waya wa ThinkPad.

Saa tisa kasoro robo, nukta zilikuwa zimekaa juu ya korongo katika nusu duara. Ujumbe wa pili ulikuja: *Sita mikononi. Mmoja ana jeraha mguuni. Wetu wazima wote.*

Saa kumi gari la kijivu lisilo na maandishi lilikuja kumchukua Derick. Waliokuja hawakusalimia.

"Programu inataka jina," Naftali alisema. Alikuwa anahifadhi mabadiliko ya siku ile. "Kila badiliko lina jina la aliyelifanya. Niandike nani?"

"Andika lako."

"Si kweli hiyo. Nusu umeandika wewe."

"Ujumbe umetuma nani?"

"Mimi."

"Basi."

Naftali aliandika polepole. Alipogeuka kusema asante, kiti cha pembeni kilikuwa kitupu.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye miyombo Hilux ilipofika kizuizi cha njia kuu. Askari walikuwa wamekaa pembezoni mwa barabara, wamechoka, wanakunywa maji kwenye chupa moja kwa zamu, wanacheka kwa sauti. Mateka sita walikuwa wamekaa mstari mmoja. Mzee mwenye ndevu nyeupe alisimama katikati ya njia na kunyoosha kiganja.

Kwenye shati lake liliandikwa CHEDIEL.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Kituoni. Nilipotea njia."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Fungua nyuma."

Alifungua. Chediel alipekua dumu la mafuta, tairi la akiba, blanketi. Alipekua kwa makini, kama mtu asiyempenda anayempekua wala kumchukia.

"Haya. Siku nyingine usipite pori hili bila mtu, dada. Leo tulikuwa tuzikwe kumi na wanne."

"Mungu amewasaidia."

"Mungu, na kijana mmoja." Mzee alielekeza kidole mashariki. "Anaitwa Naftali, yuko pale kituoni. Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Basi umemwona mwanamume."

Askari mmoja alisema kitu, wote wakaangua kicheko. Chediel aligeuka kwao akiwa tayari anacheka, akainua gogo la kizuizi bila kutazama nyuma.

Aneth alipandisha kioo, akatia gia, akapita.