Violeth Amehamia kwa Jirani

"Weka hiyo sufuria chini, Mama Yoakimu. Watu wanaangalia."

"Waangalie. Niliolewa nayo."

Violeth alishafika katikati ya uwanja. Mgongoni mtoto mchanga, pembeni Yoakimu wa miaka mitatu ameng'ang'ania sketi, mkono mmoja sufuria, mwingine mfuko wa rambo uliojaa nguo. Mumewe, Onesphory, alikuwa mlangoni na kipande cha kiporo mkononi, hajui akitupe au akimalize. Akakimaliza.

Safari yenyewe ilikuwa ya hatua arobaini, mpaka kwa mzee Bura na mkewe Benedikta. Pale kijijini, Getanuwas, mke aliyekosewa hakimbilii kwao, maana huko ng'ombe wa mahari wanaanza kutajwa na mambo yanakuwa makubwa. Anahamia kwa jirani. Akishapokelewa, mume haruhusiwi kuvuka mlango ule mpaka aje na pombe, wazee wakae, kosa litajwe na faini ipangwe. Faini mara nyingi ni kondoo. Jirani kazi yake ni kulisha wageni na kujifanya hasikii chochote, na hiyo ya pili Benedikta hakuwahi kuiweza.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Onesphory alikuwa dereva wa mashine ya kuvunia ngano kwenye mashamba ya serikali, mpaka serikali ilipochoka kulima. Akakaa nyumbani mwaka mzima. Halafu Juni 2006 zikaja kazi mbili ndani ya wiki moja. Ya kwanza ilikuwa mkoani Mbeya, bonde la Usangu, kuendesha mashine ya kuvunia mpunga kwa mshahara mnono na nyumba ya bure. Ya pili ilikuwa Singida mjini kwa Yahaya, mfanyabiashara wa mji jirani wa Katesh aliyefungua kiwanda kidogo cha kukamua alizeti na akawa anatafuta fundi. Mshahara wa Yahaya ulikuwa wa kutia huruma, na Yahaya mwenyewe alikiri.

Wakabishana wiki mbili. Violeth alisema Singida ni karibu, basi linapita Katesh kila siku, mama yake anaweza kuja kuona wajukuu. Usangu kuna mbu, na watoto wao walikuwa hawajazoea mbu. Onesphory akasema mkoa ni mkoa tu.

"Mwaka 2002 mkoa ulipogawanywa, tulilala Arusha tukaamka Manyara," alimwambia. "Hukuhamisha hata kijiko, na sikukuona ukilia."

Violeth akacheka kidogo, na Onesphory akakihesabu kile kicheko kama kura yake. Jumatatu akapanda kichuguu.

Kichuguu kile ndicho mahali pekee kijijini simu inaposhika mtandao. Ukitaka kupiga, unapanga foleni, unapanda, unapaza sauti ili Mbeya wasikie, na foleni nzima inasikia kabla ya Mbeya. Mtu mwenye siri huenda kuipigia Katesh. Onesphory, kwa furaha, alisahau. Akamwambia meneja wa shamba kwamba amekubali, tarehe kumi Julai atakuwa kazini na familia yake. Akashuka, akapanga kumwambia mkewe kwa utaratibu.

Alhamisi asubuhi Benedikta, aliyekuwa wa tatu kwenye foleni ile, akaja kumuaga Violeth. Alimletea blanketi, maana alisikia Mbeya kuna baridi kali. Violeth akapokea blanketi, akashukuru, akaingia ndani kutafuta sufuria.

Ukafuata ugomvi wa aina yake. Onesphory alikuwa na simu, Violeth akaazima ya Benedikta, na kwa kuwa mtandao ni wa kichuguu, mke na mume waliotengana kwa hatua arobaini walitembea nusu kilomita kutumiana meseji.

"Mama Yoakimu rudi. Ugali ninaousonga unanata ukutani."

Jibu lilifika kesho yake. "Pombe iko wapi."

"Naitafuta. Ila nyumba ya Mbeya ina bati na sakafu ya saruji."

"Sakafu ulikubaliana nayo wewe. Kalale nayo."

Wakipishana njiani, mmoja anatoka kusoma, mwingine anakwenda kuandika, hawakusalimiana. Yoakimu ndiye aliyesalimia kwa niaba ya ukoo. "Shikamoo baba." "Marahaba." Basi, wanaendelea.

Siku zilikuwa zinakwisha, na Onesphory alilijua hilo vizuri kuliko wote. Tarehe kumi asipokuwa kazini, mashine wanampa mwingine. Akiondoka bila mkewe kurudi, ameacha ndoa kwenye nyumba ya jirani, na kwa watu wa pale huyo mke si wake tena sana.

Jumapili baada ya misa akaja na ndoo ya pombe na mjomba wake, mzee Margwe. Wakakaa uwanjani kwa Bura, Violeth akiwa upande wa mlango na mtoto ananyonya. Bura akaonja pombe, akatikisa kichwa kama mtu anayesamehe mengi, akaanza.

"Umejibu Mbeya lini?"

"Jumatatu, baba."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Na foleni," Benedikta akasema kutoka jikoni.

Margwe akamwambia mpwa wake akiri kosa, na Onesphory akakiri, kwa kirefu, mpaka akafika kwenye sakafu ya saruji akaambiwa inatosha. Halafu Bura akamgeukia Violeth. Desturi inataka pande zote mbili ziulizwe, hata kama upande mmoja ndio ulioletewa pombe. Akamuuliza kama naye ana kitu amekificha.

Violeth akainuka. Akamkabidhi Benedikta mtoto mlangoni pa jikoni, akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki. Ilikuwa barua ya kuchaguliwa chuo cha ualimu mkoani Singida, mwaka mmoja darasani na mwaka mmoja kufundisha. Kuripoti ni tarehe kumi na tano Julai.

Onesphory akaisoma mara mbili.

"Hii ilikuja lini?"

"Mwezi wa tano."

"Umekaa nayo wiki sita?"

"Wiki sita."

"Mimi Mbeya nilikaa nayo siku tatu."

Margwe alitaka kucheka, akaona uso wa Bura, akanywa.

"Kwa nini hukuniambia, Violeth?" Hakumwita Mama Yoakimu.

"Nilikwambia. Mwaka jana nilikwambia nataka kuomba ualimu. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Hakukumbuka.

"Ulisema nitamfundisha nani, mbuzi? Ukacheka. Na mimi nikacheka. Halafu nikaenda kujaza fomu."

Onesphory akaikunja barua taratibu, akairudisha kwenye bahasha, bahasha akaishika kwa mikono miwili kama aliyeshikishwa yai. Akawauliza wazee sasa wanaamuaje, Mbeya au Singida.

"Sisi tumekuja kwa ajili ya mlango," Bura akasema. "Mkoa mtachagua wenyewe. Faini ndiyo tunayopanga. Mama, unataka kondoo?"

"Sitaki kondoo. Nataka miaka miwili."

"Miaka miwili ya nini?"

"Yake. Anilipe miaka miwili Singida. Nikimaliza chuo, atachagua yeye, hata Mbeya, nitakwenda sijauliza. Walimu wanatakiwa kila mahali."

Wazee wakatazamana. Bura akasema katika maisha yake wametoza kondoo, wametoza asali, miaka hawajawahi, lakini haoni palipokatazwa. Onesphory akaomba apunguziwe, alipe mmoja. Violeth akasema kozi ni ya miwili. Onesphory akaomba alipe mmoja na kondoo. Benedikta akatoka jikoni kabisa, akasimama akamtazama, na Onesphory akaacha kupunguza.

"Nalipa," akasema.

Akapanda kichuguu jioni ileile. Foleni ilimpisha bila kuombwa, walitaka kusikia. Akamweleza meneja, akamwomba amsubiri msimu mmoja au miwili. Meneja akasema mpunga hausubiri mtu, nafasi anaitoa kesho asubuhi, na akakata. Onesphory akabaki juu na simu sikioni, anasikiliza kitu ambacho hakipo tena. Mashine ile ilikuwa mpya. Meneja alishamwambia rangi yake.

Aliposhuka, Violeth alikuwa chini anamsubiri, mtoto mgongoni. Wakaanza kurudi. 

"Amesemaje?"

"Anampa mtu mwingine."

"Umekasirika?"

"Nimekasirika."

"Mpaka lini?"

Onesphory akamfungua mtoto mgongoni kwa mkewe, akamlaza begani kwake.

"Mpaka Singida," akasema.